Kilichokuwa Chini ya Picha za Rehema

Kila mkija kunitembelea, nyinyi vijana wa kamera, mwaniuliza kwa nini nilikuwa nikivuta pazia mtu akiniletea kadi. Mwadhani ni jua. Jua lilikuwa sababu, sikatai, kwani kioo cha kompyuta yangu kilikuwa kizee, na kikipigwa na mwanga wa barabarani hakionyeshi kitu ila uso wako mwenyewe. Lakini sababu kubwa ni kwamba mtu akikupa kadi yake ya kamera amekupa ufunguo wa nyumba. Utaona mpaka vyombo ambavyo havijaoshwa. Basi ukishaingia, funga mlango nyuma yako.

Kibanda changu kilikuwa Mtopanga, ubavuni mwa duka la makaa, na wateja wangu wengi walikuwa wanawake. Arusi zetu mwazijua: upande wa wanawake mabuibui yavuliwa, nywele zaonekana, watu wacheza. Hakuna mama atakayempa kijana wa kiume picha kama hizo azipange. Waliniletea mimi. Kadi zilikuja zimefungwa kwenye pembe ya leso, zimetiwa ndani ya kikopo cha wanja, na moja ilikuja ndani ya bakuli la tambi, mwenyewe akisema mumewe hali tambi kwa hivyo hapo hatagusa. Wengine walitaka nimtoe wifi kwenye picha. Nikawaambia, wifi nitamtoa kwenye picha, lakini nyumbani atabaki pale pale.

Aliyenifunza ni Mzee Athumani wa Changamwe, Mungu amrehemu. Alikuwa na studio tangu enzi za filamu, na zilipoingia kamera za kadi alizitukana mwaka mzima, kisha akanunua. Siku moja aliweka kadi mbili juu ya meza moja, arusi mbili tofauti, akaitwa nje kuamkuana na mtu. Aliporudi akaendelea na kazi. Albamu zilipofika kwa wenyewe, mama mmoja wa Changamwe akaja mbio na kanga imemvuka begani: "Mzee Athumani! Huyu si mkwe wangu! Mkwe wangu umempeleka wapi?" Tulicheka mpaka machozi, naye alikasirika mpaka magharibi. Tangu hapo, nikigusa kadi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza, alinipiga vidole kwa rula.

Basi yashikeni haya. Kadi ikifika, telezesha kile kitufe kidogo cha ubavuni ili isiweze kuandikwa tena. Usihamishe picha, nakili. Nakili zote, usichague. Kisha fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, uzitazame kwa ukubwa wake, maana kuna picha ambazo zikiwa ndogo ni nzima, ukizikuza nusu yake ni kijivu kitupu. Jina la folda lianze na mwaka, ufuate mwezi, kisha siku, ndipo jina la mwenyewe, ili zijipange zenyewe. Na usifute kadi ya mtu mpaka nakala ziwe mahali pawili. Maneno haya niliwaimbia wateja mpaka wakawa wakinitania njiani: "Bi Hadija, umeweka nakala ya samaki wako?"

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni hili: kamera ikiambiwa ifute, haifuti. Huyang'oa tu majina mlangoni. Waliomo ndani hubaki wamekaa kimya mpaka aje mgeni mwingine akalie mahali pao. Mfanyakazi mmoja wa hoteli kule Shanzu alinunua kadi ya mtumba, akapoteza picha za watoto wake, akaniletea nizirudishe. Watoto niliwapata. Chini yao nikamkuta mzee wa Kizungu, amekaa kwenye kiti kile kile, picha baada ya picha, kila mara amevaa shati jipya na kutabasamu, na hakuna mtu mwingine popote. Alikuwa akijipiga picha mwenyewe. Nilimrudishia yule bwana watoto wake, na mzee yule sikumtaja. Lakini kwa siku kadhaa nilikuwa nikila chakula naona kana kwamba kuna mtu mbele yangu ameketi anitazama.

Rehema alikuja siku ya mvua. Nilimjua tangu utotoni. Wakati huo alikuwa mwalimu wa chekechea upande wa Junda, msichana mpole, mwenye sauti iliyozoea watoto. Alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Nassir, na siku ya nikaha ilikuwa imeshatangazwa. Mvua ilikuwa ikipiga bati hata ikabidi anisemeshe karibu na sikio.

"Bi Hadija, nimefanya msiba juu ya msiba."

Bibi yake, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa amezikwa majuzi tu. Rehema alimpiga picha nyingi siku zake za mwisho, kwa kamera ambayo Nassir alimletea pamoja na vitu vya posa. Siku hiyo alikuwa akimwonyesha mamake, kidole kikabonyeza pasipofaa, kamera ikamwuliza jambo asilolielewa, akajibu ndiyo. Kadi ikawa tupu.

"Umepiga picha nyingine baada ya hapo?"

"La. Niliogopa hata kuigusa."

"Basi bibi yako yumo. Kaa."

Nikavuta pazia. Nikanakili kadi nzima kwanza, kisha nikaweka ile programu ya kufufua ifanye kazi juu ya nakala, si juu ya kadi yenyewe. Picha zikifufuliwa hurudi bila majina, lakini tarehe ya kupigwa huwa imo ndani ya picha yenyewe, haitoki. Kwa hiyo nilizipanga kwa tarehe, za karibuni zikiwa juu.

Wa kwanza kuja alikuwa bibi. Bibi na kikombe cha kahawa. Bibi acheka bila meno. Bibi amejifunika leso mpaka kidevuni, macho yametazama pembeni. Rehema akacheka na kulia kwa pamoja, akawa akigusa kioo kwa kidole, nami sikumkataza.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hizi zatosha, Bi Hadija. Wallahi zatosha."

Lakini programu ilikuwa bado yaendelea. Zikaja picha nyingine chini ya zile. Ukuta. Njia yenye madimbwi. Kamba ya nguo.

"Hizi si zangu," akasema Rehema. Kisha akasogea. "Lakini zile leso ni zetu."

Ikaja picha ya viatu mlangoni. Ikaja dirisha lenye pazia la maua. Ikaja yeye mwenyewe, kwa nyuma, akivusha watoto wa chekechea barabara, wameshikana mikono. Ikaja tena yeye, kwa mbali, kwenye mfereji wa maji, ameinama. Tena yeye, amesimama dukani, picha imepigwa kwa nafasi ndogo juu ya bega la muuzaji. Katika picha zote hizo hakuna hata moja ambayo ametazama kamera.

"Nani alinipiga hizi?"

Nilikuwa nimetazama tarehe. Zilikuwa za kabla ya Ramadhani.

Msije mkaiamini saa ya kamera kabla ya kuipima. Watu hawaziweki sawa, na betri ikiisha hurudi mwanzo. Nikamwuliza Rehema, bibi alipigwa lini ile ya kahawa. Akasema Ijumaa, asubuhi, kabla watu hawajakwenda msikitini. Nikatazama: Ijumaa, asubuhi. Saa ilikuwa sawa.

"Nassir ulimwona mara ya kwanza lini, mwanangu?"

"Arusini kwa binamu yangu, baada ya Idi. Alikuwa amepotea njia. Alisema hajawahi kufika Mtopanga maisha yake, akaniuliza barabara iko upande gani." Nikaisikia sauti yake ikimtoka polepole. "Nami nikamwonyesha."

"Na kamera?"

"Alisema ni mpya. Alisema ameifungua mbele yangu ili mkono wa kwanza uwe wangu."

Nilitaka kuzima kompyuta. Mkono ulikuwa umeshafika. Lakini picha iliyofuata ilikuwa imekwisha kufunguka, na Rehema aliiona kabla yangu.

Ilipigwa ndani ya nyumba. Chumba chenye mwanga wa mchana, kitanda cha kamba, mlango umefunguliwa nusu, na aliyepiga alikuwa amesimama pale mlangoni. Kitandani alikuwa bibi. Hakuwa amelala. Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, na katika picha zote za mpigaji yule tulizoziona mpaka hapo, huyu ndiye pekee aliyekuwa akimtazama mpiga picha machoni.

Rehema alijiziba mdomo kwa kiganja. Mvua ilikuwa imepungua kidogo, nikamsikia vizuri aliposema, "Bibi alituambia."

"Aliwaambia nini?"

"Alikuwa akisema, yule kijana amekuja tena. Asimama mlangoni na hasalimu. Tulidhani ni uzee. Mama alikuwa akimpa chai, akimwambia, hakuna mtu, mama, sisi sote tulikuwa nje, nani atakuja? Naye akawa akisema, basi mwambieni akija asalimu."

Wanangu, nimeona maiti kwenye kadi. Nimeona mambo ya ndoa za watu ambayo nitakwenda nayo kaburini. Sijapata kuogopa picha kama nilivyoiogopa ile, na ndani yake hamkuwa na kitu ila ajuza ameinua kichwa.

Chini kabisa ya kadi kulikuwa na msichana mwingine.

Hatukumjua. Naye alianza kwa nyuma, kwa mbali, kituoni, sokoni, dirishani. Picha zikisogea mbele kwa tarehe, zilimkaribia. Ikafika mahali akawa ametazama kamera na kucheka, kama mtu anayemjua aliyeishika. Katika zile za kucheka alikuwa amevaa herini ndefu zenye kijiwe cha kijani. Kisha akaacha kucheka, na herini bado zipo. Kisha hakukuwa na picha zake tena, na wiki chache baadaye ukaanza ule ukuta, na kamba ya nguo ya kina Rehema.

Rehema alipandisha mikono masikioni. Akazivua herini zake, moja baada ya nyingine, akaziweka juu ya meza yangu taratibu sana, kana kwamba zilikuwa zinasikia. Kijiwe kilikuwa cha kijani.

"Alisema alizichagua akinifikiria mimi," akasema.

Nilifunga kibanda, nikampeleka nyumbani kwa mkono, na mamake nikamwonyesha picha nikiwa nimeketi naye kitandani pale pale pa marehemu. Mama Rehema alikuwa mwanamke wa kelele, akicheka wasikia mpaka dukani kwa makaa. Siku ile alisimama, akaenda akafunga mlango, akavuta komeo, akarudi akaketi. Mwishowe akauliza, "Huyu msichana mwingine ni wa watu gani?"

Hilo ndilo lilikuwa langu kulijibu, maana ni kazi. Picha haina anuani, lakini ina nyuma. Nilizikuza zile za msichana, nikaacha uso wake, nikatafuta yaliyo nyuma yake. Katika moja palikuwa na zahanati yenye mlango wa samawati, na kipande cha kibao kilichoandikwa Mtongwe. Kesho yake asubuhi Mama Rehema na mimi tulivuka feri kwenda Likoni, tukachukua gari mpaka Mtongwe, picha moja ya msichana ikiwa ndani ya mkoba wangu. Tuliichagua ile ambayo acheka.

Hatukuuliza sana. Muuza maji wa pale zahanati aliitazama akasema, "Huyu ni Saumu," akatuonyesha nyumba kwa kidevu, kisha akageuka akaendelea na mitungi yake.

Mama yake Saumu alitufungulia. Tulimwamkia, akaitikia vizuri. Alipoiona picha, akaufunga mlango usoni mwetu. Tulisimama pale tusijue tuondoke au tubishe. Ukafunguka tena.

"Mmeipata wapi?"

Mama Rehema akamweleza, kwa ufupi, kama anayesoma jambo la mtu mwingine. Kwamba binti yake ameposwa. Kwamba kamera imetoka kwa mposaji. Mama yule alisikiliza akiwa ameshika pazia la chumba cha ndani, na miguuni, chini ya upindo wa pazia lile, niliona nyayo za mtu aliyesimama upande wa pili, zimetulia, zimepakwa hina ya zamani iliyobaki kwenye kucha.

"Ameshamkataa?" akauliza.

"Bado. Tutamkataa. Lakini binti yangu asema ni uungwana amwambie mwenyewe, waagane."

"Asimuage!" Alisema kwa nguvu hata nyayo zile zikarudi nyuma. Kisha akashusha sauti. "Dada yangu, asimuage. Mrudishieni vitu vyake kwa mkono wa wanaume, na binti yako asimwambie hata kwaheri. Wangu alikwenda kumuaga. Alitoka hapa mchana, amevaa vizuri, akarudi kwa miguu yake, hana jeraha. Tangu siku hiyo hajasema neno na mtu. Hata jina langu haliiti."

"Alimfanya nini?"

"Ndilo ninalomwuliza kila siku."

Tulirudi na feri. Mama Rehema alisimama muda wote amegeuza uso, akitazama watu mmoja mmoja.

Wajomba wa Rehema walirudisha vitu vyote, kamera na herini na nguo, kwa mzee wa mtaa wa kina Nassir, mbele ya mashahidi. Rehema alipelekwa kwa shangazi yake, na ni watu wachache walioambiwa ni wapi. Kwenye kituo cha polisi walituambia picha za barabarani hazimfungi mtu, ila ile ya ndani ya nyumba wataifuatilia. Wakachukua nakala. Kadi yenyewe ilibaki kwangu, imefungwa kwenye pembe ya leso niliyojifunga kiunoni, kwa sababu sikuwa na mahali pengine nilipopaamini.

Nassir alikuja kibandani baada ya sala ya adhuhuri. Sikuwa nimepata kumwona kwa macho, ila nilimjua kabla hajasema. Alikuwa kijana nadhifu, kanzu yake imepigwa pasi, mkono wake laini.

"Shikamoo, Bi Hadija."

"Marahaba. Hujambo."

"Sijambo. Nimekuja kuchukua kadi yangu. Vitu vyote nimerudishiwa, kadi ndiyo haimo."

"Kadi iko kwa wazee wa Rehema," nikasema. Niliihisi pale kiunoni kana kwamba ina moto.

Hakubisha. Aliketi kwenye benchi la wateja, akatazama pande zote kwa adabu, kama mgeni anayependa nyumba.

"Ulizipanga kwa tarehe?"

"Nini?"

"Picha. Nami hupenda kwa tarehe. Ukizichanganya huoni mtu anavyobadilika." Akatabasamu. "Na kile kiti chako cha samawati umekitupa? Kilikuwa kizuri. Mgongo haukuumi na hiki?"

Kiti kile kilivunjika mguu miezi mingi nyuma, kabla ya posa, kabla ya Idi. Na kilikuwa ndani, nyuma ya pazia.

Nadhani alingoja niseme kitu. Nilikumbuka maneno ya mama wa Mtongwe, nikaona yanihusu na mimi. Sikumjibu, sikumtukana, sikumwambia aende. Nilitazama kioo cha kompyuta na kuendelea kufungua na kufunga folda moja tupu, mpaka aliposimama.

"Basi si neno," akasema mlangoni. "Nina nakala. Wewe mwenyewe ndiye uwaambiaye watu waweke nakala mahali pawili."

Akaondoka. Muda si muda alihama mtaa, na hao wa kituoni wakasema hawajui alikokwenda. Rehema yuko salama. Ameolewa na mtu mtaratibu huko aliko, ana watoto, ananipigia simu kila Idi, na mpaka leo hapigwi picha. Hata arusi yake hakupigwa. Nilimpelekea picha za bibi yake, zile za kahawa na za kucheka. Ile ya mlangoni aliniomba niiweke mimi. Saumu sijui. Nilirudi Mtongwe mara moja, nikakuta nyumba ina wapangaji wengine.

Niliendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo. Watu wadhani niliacha kwa sababu ya macho. Ni kweli macho yamechoka, lakini nitawaambia yaliyoyachosha. Kila kadi iliyoingia mkononi mwangu, nilipomaliza kuipanga, niliirudia upya nikiwatazama watu wa nyuma tu. Arusi, mahafali, maulidi, watoto wa shule. Maharusi sikuwaona tena. Niliwaona wapita njia.

Na mwaka wa mwisho, kabla sijafunga kibanda, mama mmoja aliniletea kadi ya sherehe ya chekechea kule Shanzu. Watoto wamevaa kofia za karatasi, wazazi wapiga makofi. Nyuma, kando ya ua, palikuwa na mwanamume aliyenenepa kidogo tangu siku aliyoketi kwenye benchi langu, ameshika kamera kifuani. Uso wake ameugeuzia upande. Kanzu imepigwa pasi.

Nilizipanga kwa dakika, si kwa siku. Picha ya kwanza yuko karibu na lango. Ya pili amesogea penye mkorosho. Ya tatu yuko nyuma ya meza ya soda. Yeye asogea, na kila mara amesimama umbali ule ule kutoka kwa mtu mmoja: msichana wa leso ya manjano aliyekuwa akiwagawia watoto biskuti, ambaye hakumtazama hata mara moja.

Nilichapisha mbili, nikapiga simu kituoni nikawaambia alipoonekana, nikavaa buibui langu na kwenda Shanzu. Nilimkuta yule msichana anafagia darasa. Alinipokea kwa heshima, akaniletea kiti, akazipokea zile picha. Nilimwekea kidole juu ya yule mwanamume.

Alimtazama kwa makini, akigeuza picha penye mwanga. Kisha akatikisa kichwa na kutabasamu, kama mtu anayesikitika kwamba mgeni amesumbuka bure.

"Bibi, wallahi simjui mtu huyu. Sijapata kumwona."

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Ndiyo maana nimekuja leo."